Unaamini Jamvi, Huamini Mawingu

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo hakuna kichekesho. Kama ulikuja kucheka, rudi kesho jioni, nitakuwa nimerudi kwa kazi yangu ya kawaida. Leo nataka tugombane kidogo, na nitaanza kwa kujigombeza mwenyewe.

Kila tukifika mwezi wa pili sinema ni ile ile. Jua linachoma kutoka Sori mpaka Oyugis. Mabati yanalia saa saba mchana kama kuna mtu anatembea juu yake. Ukiacha nduthi juani dakika ishirini, ukirudi kiti kinakukaanga. Ni oro, kiangazi chetu, na kila jioni mawingu yanajikusanya upande wa Kisii kama yanapanga kitu. Ndipo Idara ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa chwiri, mvua ya masika, ile ya Machi mpaka Mei.

Utabiri haujakaa mtandaoni hata saa moja, komenti ya kwanza iko hapo: "Hawa wakisema mvua, anika nguo." Ya pili: "Wakisema jua, beba mwavuli." Ya tatu ni emoji kumi za kucheka. Ya nne, kwa miaka miwili mizima, ilikuwa yangu.

Sikuishia kwa komenti. Kuna mwezi wa tatu mmoja mwenyekiti wa BMU ya bichi moja karibu na Sindo alituma kwa grupu ya kijiji tahadhari ya upepo mkali na dhoruba ziwani, usiku huo kuamkia asubuhi. Mimi nikaona content. Nikavaa koti la mvua, gambuti, miwani ya jua, nikafungua mwavuli, nikasimama juani saa nane mchana maji yakiwa yametulia kama chai kwa kikombe. Nikasema, "Wananchi, jifungieni kwa nyumba, dhoruba ya Met imefika." Nikajifanya napeperushwa. Hiyo video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza.

Mtoto wa mjomba wangu anavua omena. Usiku huo walitoka, watu wanne kwa boti moja. Kabla ya kupambazuka upepo ukageuka, boti ikajaa maji, ikapinduka. Watatu walishikilia mitungi ya plastiki mpaka boti nyingine ikawapata. Wa nne alipatikana siku ya tatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wiki mbili baadaye tulikaa na mtoto wa mjomba nje ya nyumba yao. Aliniambia, bila hasira, "Tuliiangalia video yako tukiwa kwa bichi tukingoja giza. Tulicheka sana." Nikauliza kama ndiyo iliwafanya waende. Akasema, "Omera, tungeenda tu. Deni la nyavu halingoji." Video niliifuta. Sijui kama alisema hivyo kwa sababu ni kweli ama kwa sababu ananipenda.

Kwa hivyo leo nikisema tunafanya ujinga na hali ya hewa, usidhani nimesimama juu ya mti nawaonyesha kidole. Niko chini hapo na nyinyi.

Sasa tuanze na lile neno tunapenda: "Met wanadanganya."

Buda, wewe unaweka jamvi kila Jumamosi. Mechi kumi na mbili. Unajua timu yenye odds za 1.30 inatarajiwa kushinda, na unajua inaweza kupigwa nyumbani dakika ya tisini. Ikipigwa, jamvi limechomeka, unasema nini? Unasema "mpira ni mviringo". Unalia kidogo, unakopa, wiki ijayo unaweka lingine. Sijawahi kukusikia ukisema hesabu ni uongo, tuache kuangalia odds. Lakini Met wakisema uwezekano wa mvua kuzidi kawaida ni asilimia 45, na mvua isizidi, basi hao ni matapeli, wafutwe kazi.

Asilimia 45 ni odds, msee. Ngoja nikuchambulie vile msimu unatabiriwa, juu wengi wetu hatujawahi kuambiwa. Wataalamu wa nchi zetu wanakutana kupitia ICPAC, kile kituo cha tabianchi cha IGAD kilichoko Nairobi, kabla ya kila msimu. Wanachukua mvua ya miaka thelathini iliyopita ya eneo fulani, wanaipanga kuanzia mwaka mkavu zaidi mpaka uliolowa zaidi, kisha wanaigawa mafungu matatu: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Ukibahatisha tu bila kujua kitu, kila fungu lina nafasi moja kati ya tatu. Halafu wanaangalia joto la Bahari Hindi, wanaangalia Pasifiki kama kuna El Niño ama La Niña, wanaendesha kompyuta, wanasema: safari hii mizani imeinama, fungu la juu 45, la kati 30, la chini 25. Hawajasema mvua itakuwa kubwa. Wamesema mizani imeinama. Na fungu la chini bado lina robo nzima. Robo si kitu kidogo. Timu yenye nafasi ya robo hukuchomea jamvi kila mwezi.

Kitu cha pili tunachanganya: utabiri wa msimu na utabiri wa leo. Ukiniambia Gor Mahia itamaliza ligi ikiwa juu, hujaniambia matokeo ya Jumapili. Utabiri wa msimu ni ligi. Utabiri wa saa ishirini na nne ni mechi. Wewe unasoma wa ligi mwezi wa pili, kisha tarehe 14 Machi jua likiwaka unaleta screenshot: "Mvua iko wapi?" Mvua iko kwa ligi, boss. Na tena, ile wanaiita eneo la ziwa ni kubwa. Inaweza kunyesha Rongo mpaka mifereji ijae na Muhuru Bay watu wanafagia vumbi. Wote wawili walipata utabiri mmoja. Wa Muhuru ataapa alidanganywa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Usiniambie hii hesabu ni ya maprofesa. Mtu anayeweza kupiga hesabu ya jamvi la mechi kumi na mbili kwa kichwa akiwa stejini anaweza kusoma utabiri. Hatutaki tu, juu kucheka ni bure.

Ama tunadhani ni bure. Kwa sababu hili ziwa letu si dimbwi. Nam Lolwe ina takriban kilomita za mraba 68,800. Kenya tuna kama asilimia sita tu, lakini hali ya hewa yake haijui mpaka. Ni ziwa kubwa kiasi kwamba linatengeneza dhoruba zake lenyewe, na linazitengeneza kwa ratiba ambayo hata wewe unaweza kuielewa.

Mchana, nchi kavu inashika joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inakimbia kujaza ile nafasi. Ndiyo ule upepo mtamu unakupiga ukiwa Mbita mchana. Ukifika milima ya Kisii, Kericho na Nandi unasukumwa juu, unageuka mawingu, na kuanzia saa tisa saa kumi radi zinaanza, na wakati mwingine mvua ya mawe inalala kwa majani chai. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake. Sasa upepo unatoka nchi kavu kutoka pande zote, unaingia ziwani, unagongana huko ndani, unapanda. Dhoruba inazaliwa juu ya maji, kuanzia usiku wa manane mpaka asubuhi.

Sasa niambie, omena inavuliwa saa ngapi? Usiku. Tena usiku wa giza, juu mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki. Yaani saa ile ziwa linapika dhoruba ndiyo saa ile vijana wetu wako ndani na taa, kwa boti ya mbao. Halafu unanidanganya kwamba tahadhari ya usiku ni kichekesho kwa sababu saa nane mchana ulitoka nje ukaona jua. Mimi nilitoka nje nikaona jua. Jua la mchana lilikuwa sehemu ya mapishi. Lile joto lilikuwa linapanga usiku.

Kuna watafiti wakiongozwa na Mbelgiji anaitwa Wim Thiery. Mwaka 2016 walionyesha kwamba dunia ikiendelea kupata joto, mvua kali za juu ya hili ziwa zitaongezeka nguvu kuliko zile za nchi kavu inayolizunguka, karibu mara mbili. Baadaye wakaonyesha kitu kinachofaa kila mtu wa bichi: dhoruba za mchana huko nchi kavu zinaweza kutumika kuonya kuhusu dhoruba za usiku ziwani. Yale mawingu ya jioni upande wa Kisii unayoyapiga picha ya status ni barua. Unaiposti bila kuisoma.

Idadi inayotajwa sana ni kwamba ziwa zima, nchi zote tatu, linachukua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka. Si wote ni dhoruba, wengine ni boti kubeba kupita kiasi, wengine ni ulevi, wengine ni mbao zilizooza. Lakini upepo ndio humalizia kazi. Na si maboti ya mbao peke yake yanateswa na anga ya hapa. Tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 43 walikuwa ndani, 19 wakafariki. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi.

Sawa, nimewachapa nyinyi. Sasa niende juu kidogo, kwa wakubwa.

Mnakumbuka 2023. Wataalamu walisema miezi ya Oktoba mpaka Desemba mvua itazidi, El Niño iko. Mwezi wa kumi Rais William Ruto akasimama akatuambia hakutakuwa na El Niño, itakuwa mvua nyingi tu, haitafika kiwango cha kuharibu. Nchi nzima ikapumua, memi zikatengenezwa, mimi nilitengeneza mbili. Kabla ya mwaka kuisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 na mamia ya maelfu wamehama makwao. Mwaka uliofuata, masika ya 2024, karibu watu 300 wakafa nchini. Shule zilizopaswa kufunguliwa mwisho wa Aprili zikafungwa mpaka katikati ya Mei. Huku kwetu Mto Kuja ukatoka kwa kingo zake kule Nyatike chini, kama kawaida yake, na watu wakabeba magodoro kwa kichwa, kama kawaida yao.

Hiyo "kama kawaida" ndiyo inaniuma. Kuja inamwagika tangu sijazaliwa. Hiyo haihitaji hata asilimia. Mtu yeyote wa Nyatike anajua mvua ikipiga milima ya Kisii, maji yanashuka kwake baadaye, hata kama kwake ni jua. Halafu kila mwaka viongozi wanafika na unga na blanketi, wanavaa gambuti mpya, wanapigwa picha. Gambuti za picha zinapatikana kwa siku moja. Mfereji haupatikani kwa miaka kumi.

Lakini hatuwezi kumcheka kiongozi aliyedharau utabiri wakati sisi tunaudharau kila wiki na hata hatulipwi.

Tena sisi tunafanya kitu kibaya zaidi. Utabiri wa kweli tunaucheka, wa uongo tunausambaza. Kila mwezi wa tatu, na tena mwezi wa tisa, kuna ujumbe unazunguka WhatsApp: jua litakuwa juu ya ikweta, joto litafika 40, jifungie ndani kutoka saa sita mpaka saa tisa, mwambie kila unayempenda. Mamako ametuma. Pasta ametuma. Mwalimu wa sayansi ametuma. Ukweli ni kwamba jua huwa juu ya ikweta karibu tarehe 20 Machi na 22 Septemba kila mwaka tangu Mungu aumbe, na sisi hapa tumekaa karibu kabisa na hiyo ikweta, na hatujawahi kukaangwa siku hiyo kuliko wiki iliyotangulia. Halafu mwezi wa saba unakuja ule mwingine: dunia imeenda mbali na jua, baridi itatuua, kunyweni dawa mapema. Ni kweli mwezi wa saba dunia iko mbali kidogo, kama kilomita milioni 152. Januari iko karibu, milioni 147. Hiyo tofauti si ndiyo inaleta baridi ya Julai Nairobi, la sivyo hata Ulaya wangekuwa wanatetemeka Julai. Wako juani wanaota.

Na sisi wa content, tusijifiche. Nimeona klipu ya kimbunga cha Marekani ikiandikwa "Homa Bay saa hii". Nimeona mafuriko ya nchi nyingine yakiandikwa "Migori, tuombeane". Wanaotengeneza nawajua, wengine ni marafiki, tunakula pamoja. Mnajua ile hesabu: dhoruba inavuta watu, uoga unashikilia vidole. Lakini mama aliye Nairobi akiona hiyo, anapigia mtoto aliye Rongo mara ishirini. Akishadanganywa mara tatu, ya nne ikiwa kweli hatapokea simu. Hapo umemuua mtu kwa laiki elfu mbili. Mimi nilipata nyingi kuliko elfu mbili, na najua nasema nini.

Halafu kuna joto. Hapa hata mimi nilikuwa kipofu, juu joto halina video. Huwezi kupiga picha ya mtu akiishiwa maji polepole. Lakini Machi 2024 Sudan Kusini, majirani wetu, walifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika digrii 45. Hatujafika huko. Lakini tuna madarasa ya mabati bila dari, watoto hamsini ndani, saa nane mchana, mwalimu anafundisha hesabu na kila mtu ameyeyuka. Tuna wachimba dhahabu wa Macalder na Osiri wanaoshuka shimoni kiangazi, halafu mvua ya kwanza ikipiga udongo uliopasuka na jua, shimo linaweza kuwafunika. Tuna watu wa nduthi kwa lami tangu asubuhi mpaka jioni, wakinywa soda moja. Utabiri ukisema wiki hii joto litapanda, hiyo ni habari ya kazi: anza mapema, pumzika saa saba, beba maji, usishuke shimoni baada ya mvua mpaka udongo ukaguliwe. Hakuna kitu cha kucheka hapo.

Mkitaka kuona watu wanaosoma anga kwa makini, nendeni muwaone akina mama wanaoanika omena. Jua likiwaka, omena inakauka vizuri mchangani ama kwa nyavu na inauzwa chakula cha watu. Mvua moja ya ghafla ikiinyeshea, inaharibika, inauzwa bei ya chakula cha kuku. Ni samaki wale wale, kazi ile ile, mkopo ule ule. Tofauti ni saa mbili za mvua. Yule mama hawezi kumudu kusema "anika nguo". Ameanika karo.

Sasa nyinyi wa Met, msidhani nimewatetea bure. Zamu yenu.

Mnajua kazi yenu, hilo nimekubali. Lakini mnaongea kama mnaongea na wenzenu. Unapata PDF ya Kiingereza, kurasa kadhaa, ramani ya kijani na manjano, na sentensi kama "mvua inatarajiwa kuwa karibu na wastani hadi juu ya wastani". Dani yangu kule Karungu ukimwambia "wastani" atakuuliza wastani wa nani. Yeye anataka kujua tatu tu: nipande lini, itakatika katikati, na nihamishe mbuzi ama nisihamishe. Mvuvi naye anataka kujua: usiku huu, upande huu wa ziwa, kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Ukimwambia "baadhi ya maeneo ya Bonde la Ziwa Victoria" umemwambia hakuna kitu.

Na inawezekana, hamuwezi kuniambia haiwezekani. Kati ya 2017 na 2021 kulikuwa na mradi wa ziwa ulioitwa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na idara za nchi zetu, pesa kutoka Uingereza. Wavuvi wakaulizwa wanataka utabiri wa aina gani, ukatengenezwa hivyo, ukapitishwa kwa redio na kwa bichi. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vya ziwani vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa kama asilimia 30. Kule Vihiga, Met walikaa chini na wazee wa Nganyi, wale wanaojulikana kwa kusoma mvua kwa miti na ndege, wakalinganisha utabiri, na redio ya kijamii ikautangaza kwa lugha ya watu. Watu walisikia kwa sababu waliongeleshwa na mtu wanayemjua, kwa lugha yao.

Kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Wa Migori, wa Homa Bay, nawaomba kitu kimoja kisicho na tenda: sauti ya dakika moja, kila jioni, kwa Dholuo, Kikuria na Kiswahili. Simu inatosha. Mkitumia saa kumi na mbili jioni, saa moja iko kwa kila grupu ya bichi kutoka Muhuru mpaka Kendu Bay. Sisi tutaisambaza. Sisi ndio wataalamu wa kusambaza, si mmeona tunavyosambaza ujinga.

Na kaunti, msijifiche nyuma ya Met. Mtoto wa mjomba alisema deni la nyavu halingoji. Hiyo ndiyo sentensi inayonitoa usingizi, juu inamaanisha unaweza kumpa mtu utabiri sahihi kabisa, kwa lugha yake, na bado atatoka, kwa sababu nyumbani hakuna unga na mwenye boti anataka pesa. Kumwambia maskini "kuna dhoruba" bila kumpa njia ya kubaki ni kumwambia tu afe akijua. Kwa hivyo jaketi za kuelea ziwe ndani ya kila boti, si kwa ofisi zikingoja ziara. Mwenye boti anayetoa watu wanne na jaketi moja ajibu. Na ziko kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi, zile za mpango wa FLLoCA, zinazopanga pesa za tabianchi zifanye nini kwa wadi yako. Umewahi kuhudhuria hata mkutano mmoja? Mimi pia sijawahi. Huko ndiko inaamuliwa kama pesa itaenda kwa mfereji ama kwa kitu cha kuzinduliwa na utepe. Sisi tukiwa kwa komenti tunacheka, wazee watano wanaamua.

Najua mtu ataandika hapa chini, "Sasa umekuwa balozi wa serikali." Hapana. Serikali nimeichapa hapo juu na nitaichapa tena. Mwingine ataandika, "Lakini kuna siku walisema mvua na haikunyesha." Ni kweli, na itatokea tena. Swali ni gharama. Ukiamini tahadhari na dhoruba isije, umepoteza usiku mmoja wa omena. Inauma, siwezi kusema haiumi. Ukiidharau na ije, hakuna wiki ijayo ya kuweka lingine. Wewe mtu wa jamvi, hiyo hesabu unaiweza kuliko mimi.

Mimi nimeanza hivi. Kuanzia Jumatatu, kila jioni kabla ya saa moja, nitaposti sauti ya dakika moja: utabiri wa ziwa na wa nchi kavu kutoka kwa Met, kwa Dholuo na Kiswahili, vile walivyosema, bila kuongeza chumvi. Hakuna muziki, hakuna miwani. Kikuria sikijui, kwa hivyo natafuta mtu wa Kehancha ama Isebania wa kushirikiana. Ikinyesha pale waliposema, nitasema. Isiponyesha, nitasema pia, na nitaeleza odds zilikuwa ngapi.

Sitapata watazamaji kama wa ile video ya mwavuli. Niko sawa.

Mtoto wa mjomba bado anavua. Boti waliyo nayo sasa ina jaketi tatu, watu ni wanne, wanabadilishana nani akose. Ndiyo maana nataka uandike hapa chini jina la bichi yako na kama kuna grupu ya BMU ninayoweza kutumia hiyo sauti. Ukiwa na jaketi moja imelala kwa nyumba tangu ile harusi ya Rusinga, andika pia. Nitakuja kuichukua mwenyewe.